Wanatuonyesha vioo, tuwaulize tani!

Msomaji, leo nianze na ugomvi.

Juzi kijiweni kwetu, kahawa ikiwa bado ya moto, vijana walikaribia kushikana mashati. Mmoja alisema uwanja wa ndege wenye pilika kuliko vyote duniani uko London. Wa pili akasema haiwezekani, lazima uwe New York, kwa sababu huko ndiko ziliko hela za dunia. Wa tatu, muuza simu aliyewahi kufika Dubai mara moja, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna kama Dubai. Dau likawekwa: kahawa ya wiki nzima na kashata zake.

Wote watatu walikosa. Nimeshika kalamu kwa sababu kosa lao ndilo lile lile ambalo wakubwa hulitumia kutuchota akili kila wanapokata utepe. Tunadhani uwanja mkubwa ni ule wa mji wenye jina, wenye vioo vingi na vigae vya kuteleza. Hebu shika takwimu hizi, uende nazo kijiweni kwako, kisha uniambie kama hatujalishwa matango pori.

ORODHA YA KWANZA: VICHWA

Kuna chombo kinaitwa Baraza la Kimataifa la Viwanja vya Ndege, kwa kifupi ACI, chenye makao yake Montreal, Kanada. Kila mwaka kinahesabu na kutoa orodha. Kwa mwaka 2024, aliyeshika namba moja kwa abiria ni Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani: abiria milioni 108.1. Wa pili Dubai, milioni 92.3. Wa tatu Dallas/Fort Worth kule Texas, milioni 87.8. Wa nne Haneda wa Tokyo, milioni 85.9. Heathrow ya London ikaambulia nafasi ya 5 kwa milioni 83.9. New York hata katika 10 bora haimo!

Atlanta. Nani kati yetu ana picha ya Atlanta ukutani? Si mji mkuu wa Marekani. Hauna bahari wala mnara wa watalii kupigia picha. Wengi wetu tuliusikia kwa sababu ya Olimpiki ya 1996, basi. Lakini mji huo ulimpita O'Hare wa Chicago mwaka 1998, na tangu hapo umepokonywa ubingwa mara moja tu, mwaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani. Mwaka huo Guangzhou ya China ilipata abiria milioni 43.8 na Atlanta milioni 42.9. Mwaka uliofuata Atlanta akarudi kwenye kiti chake.

Amewezaje? Ukitaka kumwelewa Atlanta, kumbuka Ubungo kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi mwaka 2021. Mtu wa Tanga anayekwenda Mbeya hakuwa na shida na Ubungo. Hakuja kutembea. Alishuka, akanunua maji na mkate, akapanda basi jingine. Atlanta ni Ubungo ya angani. Sehemu kubwa ya watu wa Marekani wako umbali wa saa mbili hivi kwa ndege kutoka pale, na shirika la Delta, ambalo lilihamishia makao yake hapo mwaka 1941, limeifanya Atlanta kuwa stendi yake kuu. Wamarekani wa kusini wana utani wao kwamba ukifa, uwe unakwenda peponi au motoni, lazima ubadilishe ndege Atlanta.

Hapa kuna jambo ambalo wasifia orodha hawakuambii. ACI inahesabu anayepanda na anayeshuka. Yule anayetoka Miami akabadilisha ndege Atlanta kwenda Seattle anahesabiwa mara mbili, wakati anashuka na wakati anapanda, ingawa mji wenyewe hakuuona hata kwa dirisha la teksi. Kwa hiyo milioni 108 si watu milioni 108. Ni vichwa vilivyopita mlangoni, na vingine vimepita mara mbili.

Hata hivyo simbezi Atlanta. Mwaka 1925 mji huo ulikodi uwanja wa mbio za magari uliokuwa umetelekezwa, ndege zikaanza kutua hapo. Na lipo jambo moja la Atlanta ambalo kila kijana wa mjini anapaswa kulijua. Januari 1974 aliapishwa Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi wa mji huo, akiwa na umri wa miaka 35. Alikuta mpango wa kujenga jengo jipya la abiria, mradi wa mamia ya mamilioni ya dola. Wakati huo kampuni za watu weusi zilikuwa zinapata chini ya asilimia 1 ya kandarasi za mji, katika mji ambao nusu ya wakazi wake ni weusi! Matajiri wakamwambia aweke saini haraka. Akakataa. Akasema kama robo ya kazi haiendi kwa waliokuwa wakitengwa, basi uwanja haujengwi. Wakamtisha, magazeti yakamshambulia, akakaa pale pale. Jengo likafunguliwa Septemba 1980, na halikuchelewa. Leo uwanja huo unabeba jina lake pamoja na la meya mwingine, Hartsfield, na wanaofanya kazi pale ni zaidi ya watu 60,000.

Meya huyo alianza kuuliza nani atafanya kazi kabla ya kuuliza vioo vitang'aaje. Weka hilo akilini, tutalirudia.

ORODHA YA PILI: TANI

Sasa tuje kwenye orodha ambayo kijiweni haitajwi kabisa. ACI hao hao wanatoa nyingine, ya mizigo. Kwa mwaka 2024 wa kwanza ni Hong Kong, tani milioni 4.9. Wa pili ni Pudong ya Shanghai, tani milioni 3.8. Na wanaofuata? Memphis, Anchorage, Louisville!

Soma tena majina hayo. London haimo katika 10 bora za mizigo. Atlanta mwenyewe, bingwa wa vichwa, hamo. Waliomo ni miji ambayo mwalimu wako wa jiografia angepata taabu kukuonyesha kwenye ramani.

Anza na Memphis, katika jimbo la Tennessee. Huu ndio mji ambako Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa wamegoma. Miaka 5 baadaye, usiku wa Aprili 17, 1973, kampuni changa iitwayo Federal Express ilirusha ndege ndogo 14 kutoka hapo, ikasambaza vifurushi 186 katika miji 25. Vifurushi 186 ni mzigo ambao Wamachinga wawili wangemaliza kuubeba kabla ya saa nne asubuhi. Watu walicheka.

Na kampuni hiyo haikuanzia Memphis. Ilianzia Little Rock, jimbo la Arkansas. Wakubwa wa uwanja wa kule hawakuwapa nafasi na mabanda waliyoyataka, Memphis wakasema njooni. Basi! Memphis ikawa namba moja duniani kwa mizigo kuanzia mwaka 1993 hadi 2009, na mwaka 2024 ilikuwa bado katika 3 bora. Kila usiku ndege zinamiminika, vifurushi vinashushwa, vinapangwa, vinapakiwa upya, na alfajiri vimeondoka. Maelfu ya watu wanakula kwa kazi hiyo. Little Rock imebaki na hadithi. Hayo ndiyo malipo ya "njoo kesho", msomaji. Na sisi tunaijua "njoo kesho" kuliko taifa lolote.

Louisville, Kentucky, ni mdogo wake Memphis. Huko ndiko kituo kikuu cha UPS. Na Anchorage iko Alaska, kwenye barafu. Zamani ndege za abiria kati ya Ulaya na Mashariki ya Mbali zilitua pale kwa sababu Wasovieti walikuwa wamefunga anga lao. Anga lilipofunguliwa, abiria wakatoweka. Anchorage ikawageukia wenye mizigo: badala ya kujaza mafuta mengi huko Asia, tua kwetu uongeze, na ile nafasi ya mafuta ipakie shehena. Wakakubali. Mji wa watu laki tatu hivi leo unazipita karibu nchi zote duniani kwa tani, na ukweli ni kwamba shehena nyingi inayohesabiwa pale inapita tu kama abiria wa Atlanta. Lakini ndege inayotua inalipa ada, inanunua mafuta, inahitaji fundi.

Ndugu yangu, Chama cha Mashirika ya Ndege Duniani, IATA, kinasema ndege zinabeba kama asilimia 1 tu ya ujazo wa biashara ya dunia, lakini thamani yake ni kama asilimia 35. Simu iliyoko mfukoni mwako, dawa za hospitali, kipuri cha mashine, waridi la wapendanao, samaki wa kwenye barafu: hivyo ndivyo vinavyopanda ndege. Anayepakia anauza na kuingiza hela. Anayeshusha tu ananunua na kutoa hela. Kichwa cha abiria hakikwambii lolote kuhusu hilo.

MAJUMBA MATUPU

Kama uwanja ungekuwa eneo na majengo, bingwa wa dunia angekuwa Mfalme Fahd wa Dammam, Saudi Arabia. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 776. Mbona hayumo hata katika 10 bora?

Au tuwaulize hao hao wa Montreal, mji wa ACI. Mwaka 1975 Serikali ya Kanada ilifungua uwanja wa Mirabel, ambao kwa eneo ulikuwa mkubwa kuliko wote duniani. Wakulima walinyang'anywa mashamba yao kwa ajili hiyo. Wataalamu walisema mamilioni ya abiria watamiminika. Hawakumiminika. Uwanja ulikuwa mbali na mji, treni iliyoahidiwa haikufika, mashirika yakang'ang'ania uwanja wa zamani. Mwaka 2004 ndege za abiria zilikoma kabisa, na mwaka 2014 wakaanza kulibomoa jengo lenyewe. Kilichobaki Mirabel ni nini? Mizigo na viwanda vya ndege! Tani ziliendelea kuja pale vichwa vilipokataa.

Hata bingwa wa mizigo amewahi kupata aibu ya vioo. Julai 6, 1998 Hong Kong ilihama kwa usiku mmoja kutoka uwanja wake wa zamani wa Kai Tak kwenda uwanja mpya kisiwani. Ulikuwa mzuri kupita maelezo. Siku ile ile mambo yakaharibika: mbao za matangazo zikagoma, mabegi yakapotea, na ghala jipya la mizigo, lililosifiwa kwamba kompyuta itafanya kila kitu, likakwama. Mzigo ukazuiwa kuingia, bidhaa za kuoza zikaharibika, na shehena ikabidi irudishwe Kai Tak, uwanja uliokuwa umeshaagwa.

Sasa tazama walichofanya. Hawakusema ni mapenzi ya Mungu wala hawakusema ni njama za wapinzani. Tume ikaundwa, Baraza la Kutunga Sheria likaunda kamati yake, na mwaka 1999 ripoti zikatoka hadharani zikieleza nani alikosea wapi. Wakarekebisha. Mwaka 2010 Hong Kong ikaipiku Memphis. Msomaji, wewe umeshasoma ripoti ngapi za tume za kwetu?

NA SISI JE?

Agosti 1, 2019 jengo la tatu la abiria la uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lilizinduliwa. Lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni jengo zuri, sipingi, na mimi nimepiga picha mbele yake kama wewe. Lakini piga hesabu: abiria milioni 6 Atlanta inawamaliza kwa siku 20 hivi. Kwa hiyo mkubwa anaposimama jukwaani na kusema tumeingia katika ushindani wa dunia kwa sababu ya jengo, anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa vichwa, hakuna uwanja hata mmoja wa Afrika katika 20 za kwanza duniani, si Cairo wala Johannesburg. Mbio hizo hatumo.

Mbio za tani ndizo tungeweza kuanza kukimbia, na ndizo tunazojikwaa kwenye mlango wetu wenyewe. Kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro zimekuwa zikipandishwa malori, zikavuka Namanga, zikaenda kupandia ndege Nairobi. Uwanja wa Kilimanjaro upo hapo hapo tangu mwaka 1971! Waridi linalochanua kwetu linahesabiwa kwenye tani za jirani. Jirani hana kosa, msije mkaniambia nawachukia Wakenya. Jirani alijenga vyumba vya baridi, akavuta ndege, akajaza mzigo. Na pamoja na lile waridi wanakwenda mpakiaji, fundi wa majokofu, karani wa forodha, dereva wa winchi na mama ntilie wao. Hizo ni kazi zako wewe unayekaa kijiweni mpaka jioni.

Nitawatendea haki. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo, Boeing 767, yenye uwezo wa tani kama 54. Hiyo ni hatua, tena ya maana kuliko vigae. Lakini ndege moja ya mizigo ni kama lori moja: bila ghala, bila mkulima mwenye uhakika wa siku ya kusafirisha, bila karani asiyesema "mhusika ametoka kidogo", litazunguka tupu.

Wapo watakaonijibu kwamba ndege haziji kwa kuwa mzigo hakuna, na mzigo haupo kwa kuwa ndege haziji. Huo ni wimbo wa mvivu. Memphis walianza na vifurushi 186. Mwaka 1960 uwanja wa Dubai ulifunguliwa ukiwa na njia ya mchanga ulioshindiliwa, na Emirates ilianza mwaka 1985 kwa ndege za kukodi kutoka Pakistan. Waliambiwa nao kwamba mzigo hakuna.

Na mkisema hao ni matajiri, haya, twende Ethiopia. Nchi haina bahari tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993. Imepita njaa, mapinduzi na vita. Shirika lake, lililoundwa mwaka 1945, lilimhudumia mfalme, likavuka utawala wa wanajeshi, likawakuta waliokuja baadaye, na kila aliyeingia madarakani alijua kwamba yule ng'ombe anakamuliwa, hachinjwi. Leo ndilo shirika kubwa kuliko yote Afrika, lina ndege za mizigo zake, na wanakusudia uwanja mpya karibu na Bishoftu utakaoweza kupokea hadi abiria milioni 100 kwa mwaka. Sisi Air Tanzania tuliiunda mwaka 1977, baada ya shirika la Afrika Mashariki kuvunjika. Tuliilea vipi miaka iliyofuata? Jibu unalijua.

TUJISEME NA SISI

Nisije nikawasema wakubwa peke yao nikaonekana mwoga kwa vijana wenzangu. Na sisi tuna kosa letu. Kwetu uwanja wa ndege ni mlango wa kutokea. Tunauwaza siku ya viza, siku ya kupeperusha mkono, siku ya kuzamia. Tunajua namba za ndege ziendazo Dubai, lakini hatujui mlango wa ghala la mizigo uko upande gani.

Mimi niliujua kwa kutafuta kibarua. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kampuni moja ya mizigo, jina naliweka kapuni, kuomba kupakua maboksi. Pale getini nilikuta vijana kama 30, vyeti mkononi. Tuliambiwa mzigo wa siku hiyo ni mdogo, watu 4 wanatosha, na hao 4 walikuwa tayari ndani, wametajwa kwa majina. Nilirudi kwa miguu. Njiani nilijiuliza: je, ndugu wa wakubwa wamejaza nafasi zote, au nafasi zenyewe ni chache mno? Sasa najua ni yote mawili. Kujuana kunashamiri pale palipo na tani chache. Ndege 50 zikitua usiku mmoja, hakuna mjomba mwenye wapwa wa kutosha!

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, siku watakapokuita tena kwenda kupiga makofi uwanja fulani ukifunguliwa, nenda. Vaa fulana watakayokupa, kunywa soda yao. Kisha nyoosha mkono uulize maswali manne. Mwaka jana hapa zilipakiwa tani ngapi za mazao yetu? Zilishushwa ngapi za wenzetu? Chumba cha baridi kina nafasi ya tani ngapi, na leo kinafanya kazi? Na kandarasi za ujenzi na za upakiaji, kama alivyouliza yule meya wa Atlanta, wamepewa akina nani?

Akikujibu kwa tarakimu, mpigie makofi ya kweli. Akianza kukuonyesha vioo, ujue wamekuleta kujitazama sura.

Ile kahawa ya wiki nzima? Niliinywa mimi.